Kuchagua chombo cha akiba cha kujazia tanki la samaki: mwongozo kwa wafugaji wa nyumbani Dodoma

Anayefuga samaki wa mapambo Dodoma hujifunza mapema kwamba maji hayakai. Kuanzia Juni hadi Novemba, upepo mkavu unapovuma mchana kutwa na vumbi likapenya hata kwenye madirisha yenye nyavu, tanki lililojazwa vizuri Jumapili huwa limeacha mstari mweupe wa chumvi kwenye kioo ifikapo Jumatano. Ndiyo maana wengi wetu huishia kufunga mfumo wa kujazia maji unaojiendesha wenyewe, yaani boya au sensa inayotambua kwamba kina kimeshuka, pampu ndogo ya kuzamishwa, mpira mwembamba, na chombo cha akiba ambamo maji hayo huchotwa. Vitu vitatu vya kwanza huuzwa ndani ya boksi moja pamoja na maelezo yake. Chombo cha akiba huachiwa mnunuzi, naye huchukua ndoo yoyote iliyo karibu au, akiwa mtu wa safari nyingi, hutafuta kubwa kuliko zote dukani. Mwongozo huu unahusu chombo hicho tu, na rai yangu naiweka wazi tangu mwanzo: ukubwa wake upangwe kwa kuifikiria siku ambayo boya litakwama, si kwa kuhesabu siku utakazokuwa safarini.

Hatua ya kwanza: pima maji yanayopotea nyumbani kwako

Usitumie makadirio ya mtu mwingine, hata kama tanki lake linafanana na lako. Kiasi cha maji kinachopaa hutegemea eneo la uso wa maji, joto la maji, ukavu wa hewa, upepo unaopita chumbani na aina ya kifuniko. Tanki lililowekwa karibu na dirisha la upande wa mashariki, ambako upepo wa kiangazi huingilia, laweza kupoteza maji mengi zaidi kuliko tanki la aina hiyo hiyo lililo kwenye kona ya sebule ya jirani.

Jaza tanki hadi kina chake cha kawaida, kisha bandika kipande kidogo cha gundi ya karatasi kwenye kioo, ukingo wake wa juu ukilingana na uso wa maji. Acha kila kitu kiendelee kama siku zote: taa, feni, kichujio na kifuniko kama unacho. Usiongeze maji kwa siku saba. Siku ya saba pima kwa rula umbali kati ya ukingo wa gundi na uso mpya wa maji, halafu zidisha urefu wa tanki kwa upana wake na kwa umbali huo, vyote kwa sentimita, na ugawe jawabu kwa 1,000 ili kupata lita.

Tanki langu lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 45, kwa hiyo uso wake ni sentimita za mraba 5,400. Mwezi Septemba, likiwa wazi na feni ya dari ikizunguka, lilishuka sentimita 3.5 kwa wiki, sawa na lita 18.9, yaani lita 2.7 kwa siku. Mwezi Machi, mvua zikiwa bado zinanyesha, tanki hilo hilo lilishuka sentimita 1.4 tu, sawa na lita 7.6 kwa wiki. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara mbili, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba kipimo cha kupangia kifanyike wakati wa kiangazi. Wanaotumia hita wasidanganywe na baridi ya Juni na Julai, kwa sababu maji yenye joto la nyuzi 26 ndani ya chumba chenye hewa baridi na kavu hupaa kwa kasi kuliko wengi wanavyodhani.

Kabla hujaenda mbele, fikiria kifuniko. Kipande cha kioo kinachofunika sehemu kubwa ya uso, huku kikiacha nafasi ya hewa, hupunguza upotevu kwa kiasi kikubwa na gharama yake ni ndogo kuliko ya chombo kikubwa. Baada ya kukiweka, rudia kipimo.

Hatua ya pili: tafuta ukomo wa juu

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, langu likiwemo. Hesabu ya kawaida husema hivi: napoteza lita 2.7 kwa siku, nasafiri siku 20, basi nahitaji lita 54, nichukue chombo cha lita 60. Hesabu hiyo ni sahihi na jawabu lake ni la hatari. Miaka michache iliyopita niliweka chombo cha lita 60 chini ya kabati, nikaenda Kondoa msibani kwa siku tatu. Konokono mdogo, wa wale wanaoingia na majani ya mapambo bila kualikwa, alipanda kwenye fimbo ya boya na kujibana juu ya boya lenyewe, likashindwa kupanda. Sensa iliendelea kuamini kwamba maji yamepungua. Pampu ilisukuma kila tone lililokuwamo. Niliporudi zulia lilikuwa limelowa hadi mlangoni, mguu mmoja wa kabati umevimba kwa sababu mbao za kugandamizwa hunywa maji kama mkate, na soketi ya ukutani ilikuwa na alama ya unyevu sentimita chache chini yake. Samaki walikuwa wazima. Walikuwa na maji mengi mno.

Kwa hiyo pima nafasi iliyobaki kati ya kina cha kawaida cha maji na ukingo wa tanki. Kwangu ni sentimita 4, na sentimita 4 mara 5,400 ni lita 21.6. Hicho ndicho kiasi ambacho tanki linaweza kupokea kwa makosa bila kumwaga hata tone sakafuni. Chombo changu leo kinachukua lita 20, nami sikiongezi. Kwa upotevu wa lita 2.7 kwa siku kinanipa wiki moja ya kiangazi na zaidi ya wiki mbili za masika. Ikiwa hesabu ya siku za safari inadai lita 50 na hesabu ya nafasi inasema 20, chukua 20, kisha mwombe ndugu au jirani apite mara moja kwa wiki kujaza ndoo. Kumfundisha mtu kujaza ndoo hadi mstari uliochorwa ni rahisi kuliko kumfundisha kujaza tanki la samaki, na akikosea, kosa lake linaishia ndani ya ndoo.

Kama mfumo wako una tanki la pili la chini lenye vichujio, na boya limewekwa humo, kipimo hubadilika kidogo. Umeme unapokatika, maji ya tanki la juu hushuka hadi kwenye matundu ya kufurikia na kuingia la chini. Zima pampu kuu kwa makusudi, subiri maji yatulie, ndipo upime nafasi iliyobaki kwenye tanki la chini. Nafasi hiyo, wala si ile unayoiona pampu ikifanya kazi, ndiyo ukomo wako, kwa sababu boya likikwama usiku na umeme ukakatika alfajiri, matukio hayo mawili yatakutana sakafuni.

Wachache wanaofuga samaki wa baharini huku bara wana ukomo mwingine juu ya huo. Maji ya kujazia hayana chumvi, na yakiingia yote kwa pamoja hupunguza ukali wa chumvi ndani ya tanki. Tanki la lita 200 lenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita likipokea lita 25 za maji matamu litashuka hadi takribani gramu 31 kwa lita. Samaki wengi huvumilia mshuko huo, lakini matumbawe na wanyama wasio na uti wa mgongo hawaupendi. Kwao ningechagua chombo kisichozidi sehemu moja ya kumi ya ujazo wa tanki, hata kama nafasi ya juu inaruhusu zaidi.

Hatua ya tatu: amua ni maji gani yatakaa humo

Huenda msomaji akashangaa kuona suala la maji likitangulia suala la plastiki, lakini aina ya maji ndiyo huamua kama utahitaji chombo kimoja au viwili, na kama chombo chako kitakuwa na ukoko baada ya miezi mitatu.

Sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na kama yalivyo maji mengi ya ardhini ya mkoa huu, ni magumu, yaani yana madini mengi yaliyoyeyuka. Hakuna haja ya maabara kulithibitisha hilo: angalia ndani ya birika la umeme. Ukoko mweupe uliojikusanya chini ndio ule ule utakaojikusanya kwenye boya lako. Wanaotumia visima vya mitaani, ambavyo baadhi vina maji yanayoonja chumvi waziwazi, wana tatizo kubwa zaidi.

Kinachopaa kutoka kwenye tanki ni maji matupu. Madini yote hubaki. Ukijazia kwa maji magumu, kila lita unayoongeza huleta madini yake na hakuna yanayoondoka. Kwa tanki langu la lita 200 linalopoteza lita 2.7 kwa siku, siku 74 zinatosha kuingiza lita 200 za maji ya bomba, maana yake madini ndani ya tanki huwa yameongezeka maradufu. Kubadilisha maji kila wiki husaidia, ila si kwa kiwango ambacho watu hutegemea. Nikibadilisha asilimia 20 ya maji kila wiki na kuendelea kujazia kwa maji yale yale ya bomba, hesabu inaonyesha kwamba tanki hutulia kwenye kiwango cha madini cha takribani mara moja na nusu ya maji ya bomba. Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yana pH ya takribani 9 na madini ya kutosha, wanaweza kuishi na hali hiyo kwa muda. Wanaofuga samaki wa mito ya Amazoni hawawezi.

Chaguo bora na la bei nafuu ni maji ya mvua. Dodoma hupata takribani milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo ni lazima yakingwe na kuhifadhiwa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Kipande cha paa chenye mita za mraba 20, mvua ya milimita 30 ikinyesha, hupokea lita 600, na hata ukipoteza theluthi moja kwenye mifereji unabaki na lita 400. Upande wa mahitaji, tangu tarehe 1 Mei hadi tarehe 30 Novemba ni siku 214. Kwa wastani wa lita 2.5 kwa siku unahitaji lita 535. Maana yake tanki jeusi la plastiki la lita 500, yale ambayo wengi huyaita simtanki, likisimama kivulini nyuma ya nyumba, linakaribia kabisa kukufikisha kwenye mvua zinazofuata. Hilo ndilo ghala lako. Chombo kilicho chini ya kabati ni kibuyu cha kuchotea tu, na ukilielewa hivyo hutatamani tena kukifanya kiwe kikubwa.

Kuna tahadhari tatu kuhusu maji hayo. Mvua ya kwanza ya msimu iache ipite, kwa sababu huosha vumbi la miezi saba na mavi ya ndege. Mabati mapya yenye zinki yaache yanyeshewe mara nyingi kabla ya kuanza kukinga, kwani zinki iliyoyeyuka ni sumu kwa samaki, na ukali wake huongezeka katika maji laini kama ya mvua. Paa la zamani linalomenyuka rangi usilitumie kabisa.

Asiye na mahali pa kukingia anaweza kununua mashine ya kuchuja kwa osmosisi, yaani inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, akijua kwamba mashine nyingi za nyumbani humwaga lita tatu au zaidi kwa kila lita moja safi inayopatikana. Katika mji ambao baadhi ya mitaa hupata maji kwa mgao, maji hayo ya kumwagwa yapelekwe kwenye ndoo ya kudekia au kwenye mchicha. Maji ya dukani ya machupa makubwa ya lita 18.9 pia hufaa kwa tanki dogo, ila soma lebo na uchague yenye kiwango cha chini cha madini yaliyoyeyuka. Maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, ambayo watu huyaona safi kwa sababu hayana ladha, yaache. Yamepita juu ya mabomba ya shaba na vumbi, na shaba huua kamba na konokono kwa kiasi kidogo mno.

Ukilazimika kutumia maji ya bomba, yaache wazi kwenye ndoo nyingine kwa siku moja au mbili ili klorini iondoke kabla ya kuyamimina kwenye chombo cha akiba.

Hatua ya nne: kagua malighafi na historia ya chombo

Geuza chombo chini juu. Kwenye kitako kuna pembetatu yenye tarakimu. Namba 2 ni polithilini nzito, ambayo hutengenezewa madumu mengi na ndoo nyingi, na namba 5 ni polipropilini. Zote mbili hufaa kwa maji yatakayokaa muda mrefu. Alama ya glasi na uma inaonyesha kwamba chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Ndoo isiyo na alama yoyote, yenye rangi iliyochanganyika na harufu kali, huenda imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelewa, na hakuna ajuaye plastiki hiyo ilikuwa nini zamani.

Kwa chombo kilichotumika, swali la malighafi ni dogo kuliko swali la kilichokuwamo. Soko la Majengo lina kila aina ya dumu na pipa, na wauzaji wake ni watu wazuri wenye matumaini makubwa. Niliwahi kushika pipa safi la bluu, lenye mfuniko imara wa kuzungusha, nikauliza lilibeba nini. “Lilikuwa la sabuni tu, kaka,” kijana akanijibu, “ukisuuza mara mbili hakuna kitu.” Sabuni ya maji ni miongoni mwa vitu vya mwisho ambavyo ningependa kuviona karibu na mapezi, kwa sababu huharibu utando laini wa matamvua hata ikiwa kidogo sana, na plastiki huinywa na kuitoa polepole. Niliagana naye vizuri nikanunua ndoo mpya. Ndoo za rangi, madumu ya dawa za kilimo na mapipa ya vilainishi ni mwiko, bila majadiliano. Dumu la mafuta ya kula laweza kusafishwa kwa maji ya moto, lakini utando wa mafuta hubaki kwenye mikunjo na huelea juu ya maji ya tanki.

Chombo kipya nacho kijaribiwe. Kijaze maji ya moto yasiyochemka, kifunge, kiache usiku kucha, na asubuhi kifungue pua ikiwa karibu. Kikinuka, kisuuze na urudie. Kikiendelea kunuka baada ya mara tatu, kipeleke bafuni.

Vyombo vya chuma na bati visitumike. Kioo ni kizuri sana kwa anayemjua fundi vioo wa kuaminika, kwa kuwa kinaweza kukatwa kulingana kabisa na nafasi ya ndani ya kabati. Mwelekeze fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwani ile ya bafuni huwa nayo na dawa hiyo ni sumu.

Hatua ya tano: angalia umbo, kimo na mdomo

Pampu haiwezi kunyonya hadi tone la mwisho. Pampu ndogo za kuzamishwa huacha takribani sentimita 2 hadi 3 za maji chini, na maji hayo yaliyokufa lazima yaondolewe kwenye hesabu. Boksi pana lenye kitako cha sentimita 60 kwa 30 huacha lita 5.4 kwa kina cha sentimita 3. Ndoo nyembamba yenye kitako cha sentimita za mraba 625 huacha chini ya lita 2. Kwa ujazo ule ule, basi, chombo kirefu na chembamba hutoa maji mengi zaidi ya kutumika, mradi tu kinaingia ndani ya kabati na bado kuna nafasi ya kukijaza bila kukitoa. Pima kimo cha kabati, kisha toa angalau sentimita 15 kwa ajili ya mkono na mdomo wa jagi.

Dumu la lita 20 lina umbo zuri lakini mdomo wake haupitishi pampu wala mkono. Baadhi hulikata juu. Likikatwa hupoteza mpini na uimara wake, na mfuniko hauna tena pa kukaa. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi: mkono unaingia hadi kitakoni, hununuliwa kila duka, na ikipasuka si hasara. Diaba hufaa kwa ujazo lakini ni pana mno, na mfuniko wake mara nyingi hulegea.

Chagua rangi isiyopitisha mwanga. Chupa kubwa za maji ya kunywa hupendeza kwa sababu kiasi kilichobaki huonekana, ila mwanga huohuo unaokuonyesha kiasi huotesha utelezi wa kijani ndani ya wiki mbili. Kwa ndoo nyeusi au ya bluu iliyokolea, choma fimbo nyembamba ya plastiki kwenye mfuniko na kuifunga kipande cha boya jepesi chini yake. Fimbo ikizama, maji yamepungua.

Hatua ya sita: panga mahali na njia ya mpira

Hatua hii ni fupi kusoma, lakini ukiikosea utapata mafuriko hata kama boya ni zima. Maji yaliyoanza kutembea ndani ya mpira huendelea kutembea yenyewe kuelekea penye uso wa chini, pampu ikiwa imezimwa. Chombo cha akiba kikiwa juu kuliko tanki, pampu ikijaza mpira mara moja, maji yote yaliyomo hushuka bila kuombwa. Chombo kikiwa chini na ncha ya mpira ikiwa imezama ndani ya tanki, maji ya tanki hurudi kwenye ndoo hadi ndoo ifurike. Dawa ni kuweka chombo chini, na kuifunga ncha ya mpira kwenye ukingo wa tanki ikiwa sentimita 3 au zaidi juu ya uso wa maji, ili hewa iingie pampu inapozima. Ifunge kwa kibano, si kwa gundi. Mpira uliochomoka na kuangukia ndani ya maji umeharibu kazi nyingi nzuri.

Wapo wanaopenda chombo kiwe juu, na maji yashuke kwa uzito wake kupitia koki ndogo ya boya, bila pampu wala umeme. Mfumo huo una faida siku umeme unapokatika, na mimi huuheshimu. Lakini ukoko wa maji magumu ukikaa kwenye kiti cha koki hiyo, haifungi sawasawa, na hakuna plagi ya kuchomoa. Ukiuchagua, tumia maji ya mvua tu na ushike ukomo wa hatua ya pili bila kuongeza hata lita moja.

Uzito nao uhesabiwe, kwani lita 20 ni kilo 20 zinazokaa sehemu moja. Ndoo ikae kwenye sakafu au kwenye rafu ya mbao ngumu, ndani ya beseni pana la kupokea matone. Nyaya zipindwe zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone linalotembea juu ya waya lidondoke kabla ya kufika kwenye umeme, na kiunganishi cha soketi nyingi kifungwe ukutani, kamwe kisilazwe sakafuni.

Hatua ya saba: mfuniko, tundu la hewa na usafi

Mfuniko ni lazima. Huzuia vumbi, huzuia mbu kutaga, na huzuia mtoto anayejifunza kutembea asiinamie ndoo. Toboa matundu mawili, moja la mpira na waya, jingine la hewa lenye upana wa milimita 3 au 4, kwa maana chombo kilichofungwa kabisa huvuta mfuniko ndani na pampu hupungukiwa nguvu. Juu ya tundu la hewa bandika kipande cha chandarua. Kila mwezi mwaga maji yaliyokufa, sugua utelezi kwa brashi isiyotumika kwa kazi nyingine, toa ukoko wa pampu na boya kwa siki, kisha suuza. Hakikisha pampu haikauki: nyingi za bei nafuu huungua zikizunguka bila maji, hivyo nunua yenye kujizima au weka boya la pili ndani ya chombo chenyewe.

Hatua ya nane: jaribio la kukwama

Usiuamini mfumo mpya kabla ya kuuharibu kwa makusudi ukiwa umesimama pembeni. Chagua Jumamosi asubuhi, weka matambara karibu, jaza tanki hadi kina cha kawaida na chombo cha akiba hadi mstari wa juu. Kisha shika boya kwa kidole na ulizuie chini, kama konokono wangu alivyofanya. Pampu inayosukuma lita 240 kwa saa itamaliza ndoo ya lita 20 kwa dakika tano, kwa hiyo hutachoka. Tazama maji yakipanda kuelekea ukingoni, sikiliza pampu inapoanza kukoroma kwa kukosa maji, angalia kama inajizima, na angalia kama mpira unarudisha maji. Zungusha mkono chini ya ukingo wa tanki pande zote nne, na upapase sakafu nyuma ya kabati.

Ukikuta unyevu, punguza mstari wa juu wa ndoo kwa lita 2, chota maji yaliyozidi, rudia jaribio, na uendelee kupunguza hadi mkono utoke mkavu. Mstari utakaobaki uchore kwa kalamu isiyofutika, upande wa ndani na wa nje, na pembeni yake uandike kwa herufi kubwa: USIJAZE ZAIDI YA HAPA.